Maisha ya Mwalimu Waya, Mpimaji wa Mwendo wa Protini

Ndugu, jamaa, majirani, wanafunzi wa marehemu na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza: familia imeniomba mimi, mdogo wake anayemfuata, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mwalimu Waya. Kazi yangu ni cherehani. Kusimama mbele za watu na karatasi sijazoea, kwa hiyo nikisita mahali mnivumilie, nitaendelea.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 12 Oktoba 1961, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kifungua mimba wa wazazi wetu. Baada yake nilikuja mimi, kisha wadogo zetu wawili wa kiume. Baba alikuwa seremala. Karakana yake ilipakana na chumba tulicholala watoto, katikati ukuta wa mbao tu, na sote wanne tulikua na unga wa msumeno kwenye nywele. Mama alitukung'uta kila tulipotaka kuingia jikoni.

Alipokuwa na miaka tisa, baba alipewa kazi ya kutengeneza rafu ndefu ya ofisi ya posta. Rafu ikamalizika lakini ikawa inayumba. Baba akaigeuza, akapigilia mgongoni mwake mbao mbili za mshazari, zikapishana katikati. Dada alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatazama.

"Baba, moja inatosha," akasema.

"Moja inatosha nini?"

"Mbao moja. Hiyo ya pili haifanyi kazi, imekaa tu."

Baba alicheka, ila alikuwa mtu wa kujaribu mambo. Aling'oa mbao moja, akaisukuma rafu kwa bega. Haikutikisika. Akang'oa na ya pili, rafu ikaanza kulala upande kama mlevi, akaidaka. Basi akairudisha moja, na posta wakapelekewa rafu yenye mbao moja mgongoni. Kuanzia hapo, kazi yoyote iliyoyumba ilikuwa sababu ya dada kuitwa: "Mhandisi, hebu njoo uniambie ni ngapi zimekaa bure." Mama anasema alitembea kwa maringo wiki nzima, hata kutumwa maji ikawa kazi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1969, ile iliyotazamana na kituo cha zimamoto, akamaliza 1975 na kuchaguliwa kwenda sekondari ya wasichana ya bweni. Tarehe 23 Januari 1978 baba alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo. Dada alikuwa na miaka kumi na sita. Alirudi nyumbani kwa mazishi, akaweka sanduku lake chini ya kitanda, akasema harudi shule. Mwaka mzima alifanya kazi katika karakana ileile chini ya mshirika wa baba, akipima na kuchora kazi za wateja, na ndicho kilichotulisha. Januari mwaka uliofuata mama alilitoa lile sanduku mvunguni, akalifuta vumbi, akalipanga upya sare kwa sare, akaliweka mlangoni. Dada akalitazama, akalibeba, akaenda. Alimaliza sekondari mwaka 1982, akaingia chuo kikuu mwaka 1983 kusomea hisabati, na mwaka 1986 akahitimu kwa daraja la kwanza.

Alianza kazi kama mwalimu wa hisabati wa sekondari, akafundisha kwa miaka sita. Ni huko, mwaka 1989, katika chumba cha walimu, ndipo yalipoanza mambo yaliyomchukua maisha yake yote. Mwalimu wa baiolojia, mzee mmoja mcheshi aliyekuwa na tabia ya kula karanga juu ya madaftari ya wanafunzi, alimwonyesha picha katika kitabu kipya.

"Hii ndiyo protini inayotunza oksijeni ndani ya misuli," akamwambia. "Oksijeni yenyewe inakaa hapa, katikati."

Dada akakigeuza kitabu huku na huku. "Inaingilia wapi?"

"Nini?"

"Oksijeni. Pande zote pamezibwa. Sioni mlango."

Mzee akavaa miwani. "Wanasema protini inapumuapumua. Inajifungua kidogo, inajifunga. Sasa picha imepigwa ikiwa imetulia."

"Mtu atajuaje inajifungulia upande gani?"

"Ndiyo hapo sasa," akasema mwalimu wa baiolojia, akarudi kwenye karanga zake.

Dada aliazima kile kitabu, na mzee yule hakukiona tena. Alikuwa akilalamika hadi alipostaafu.

Mwaka 1992 alipata nafasi ya kwenda ng'ambo, akasoma uzamili na kisha uzamivu, miaka sita kwa jumla. Alirudi nyumbani Novemba 1998 na masanduku mawili, moja la nguo na moja la karatasi, akaajiriwa na taasisi ya utafiti ya chuo kikuu aliyoitumikia hadi mwisho. Alipewa chumba namba 14, ghorofa ya chini, baina ya stoo ya viti vibovu na choo cha wageni. Humo alipanga kompyuta nane zilizokuwa zimetumika na wengine, akaziunganisha zifanye kazi kama moja.

Kwa sisi ambao hatukusomea mambo haya, naomba niseme kama alivyonieleza mimi, akiwa amekaa karakanani kwangu na futi ya kupimia shingoni. Protini ni kama uzi mrefu uliotengenezwa kwa vipande vidogovidogo. Kila kiumbe kinazo kwa maelfu. Uzi huo hujikunja wenyewe ukawa umbo, na umbo hilo ndilo linaloamua protini itafanya kazi gani mwilini. Wataalamu wanaweza kulipiga picha kwa eksirei. Ila picha inaonyesha umbo limesimama, na mwilini halisimami: linapinda, linapanuka, linajifunga. Yeye alichukua ile picha iliyosimama akatafuta kwa hesabu za jiometri wapi kumekaza na wapi kunalegea, na pakilegea hapa, pale pengine patalazimika kwenda wapi. Kompyuta zilifanya hesabu hizo kwa mamilioni, usiku na mchana.

Hakuziamini skrini peke yake. Alisema skrini ni bapa na macho hudanganyika, kwa hiyo kila umbo alilolihesabu alilipinda pia kwa waya, akalishika mkononi. Mimi niliona henga za nguo zinapungua dukani kila akija kunitembelea, nikamshuku fundi wangu msaidizi, maskini, mpaka nilipoingia chumba namba 14 nikazikuta zote ukutani, zimekuwa protini. Hapo ndipo wanafunzi walipompa jina. Mlinzi wa geti la taasisi naye alikuwa akimpekua begi kila jioni kwa utani.

"Mwalimu, leo umebeba antena ya wapi?"

"Hii si antena, ni kimeng'enya."

"Haya, kipite."

Februari 1999 kiyoyozi cha chumba namba 14 kilikufa, na kompyuta zikaanza kuzima moja baada ya nyingine kwa joto. Akaitwa fundi wa mitambo ya baridi. Fundi akaingia na begi lake la vyombo, akaweka kiganja juu ya kompyuta, akakitoa haraka.

"Mnapika nini humu?"

"Protini," dada akajibu.

"Na imeiva?"

"Bado. Imebaki kama miezi miwili."

Fundi alikitengeneza kiyoyozi siku ileile. Baada ya siku tatu akarudi kuangalia kama kinafanya kazi. Kilikuwa kinafanya kazi. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, mpaka wafanyakazi wenzake dada wakaanza kumuuliza kama kiyoyozi hicho kina ugonjwa sugu. Ndiye shemeji yetu huyu mnayemwona hapa mbele.

Alikuwa mgane, na binti wa miaka mitatu. Shangazi yetu mmoja, Mungu amrehemu, alimweka dada kitako.

"Mwanangu, unakaribia arobaini na elimu yako yote hiyo, unakwenda kulea wa mwenzio?"

"Shangazi, yule mtoto hajaniuliza umri wangu wala elimu yangu," dada akamjibu. Shangazi akacheka, ikawa ndiyo ruhusa.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 2 Septemba 2000. Yule binti hakusema na dada siku ya harusi, wala wiki nzima iliyofuata. Alikuwa akikaa chini ya meza ya kulia na mwanasesere wake. Dada hakumlazimisha. Alikaa sakafuni kando ya meza hiyo na koleo lake, akapinda waya zake za kazini kama kawaida. Siku ya tisa mkono mdogo ukatoka chini ya meza, ukashika ncha moja ya waya. Baadaye mtoto akauliza, "Nikuiteje?" Dada akamwambia, "Niite unavyotaka." Akamwita Waya, kavukavu hivyo, karibu mwaka mzima. Asubuhi moja mvua inanyesha, viatu havionekani na gari la shule linapiga honi, akapiga kelele kutoka chumbani: "Mama, kiatu kimoja hakipo!" Shemeji ananiambia dada alisimama ukumbini ameshika kile kiatu, hawezi kutembea. Mungu akawajalia watoto wengine wawili, wa kiume mwaka 2001 na wa kike mwaka 2003.

Sasa nifike mahali ambapo wengine walinishauri nipapite haraka. Sitapita haraka, kwa sababu dada mwenyewe hakupita haraka.

Juni 2004 alichapisha makala juu ya kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini, cha vimelea vinavyowaletea watoto wengi ugonjwa. Alionyesha kwa hesabu zake kwamba upande wa mbele wa kimeng'enya hicho kuna kifuniko kinachonyanyuka, na chini yake mfuko mdogo unaoweza kupokea dawa. Makala ilisomwa kila mahali. Alialikwa kuhutubia, taasisi ikapata ufadhili, maabara mbili za ng'ambo zikaanza kutengeneza kemikali za kuingia katika mfuko huo. Jina lake likapelekwa kwenye kamati ya uprofesa.

Mei 2005, mwanafunzi wake wa uzamili, binti mpole aliyekuwa hasemi mpaka aulizwe, alikuwa akipinda waya wa kile kifuniko kwa ajili ya maonyesho. Leo ni mhadhiri, amekaa safu ya pili pale. Alimfuata dada mezani.

"Mwalimu, waya wangu unakataa."

"Unakataa vipi?"

"Nikifuata namba zetu, msokoto unakwenda kushoto. Misokoto ya protini hii yote inakwenda kulia."

"Umekosea kupinda."

"Nimepinda mara nne, Mwalimu."

Dada akauchukua waya, akaushika kwa muda mrefu. Kisha akafungua programu, mstari kwa mstari. Ilimchukua siku mbili. Mstari mmoja, alioandika yeye mwenyewe kwa mkono wake, ulikuwa umezibadilishanisha pande mbili, na kifuniko kiliponyanyuka kilikuwa kimegeuzwa kama kitu kinavyogeuka kwenye kioo. Alipousahihisha, kifuniko hakikunyanyuka. Mfuko haukuwepo.

Alikwenda kwa mkuu wa idara, akamweleza. Mkuu wa idara akainuka akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mwanafunzi wangu."

"Basi tulia. Kamati inakaa mwezi wa tisa. Ukishapata uprofesa, makala ijayo utaweka marekebisho, sentensi moja, chini kule. Nani atasoma?"

"Mzee, kuna watu wanachanganya kemikali sasa hivi kwa ajili ya mfuko ambao haupo."

"Hao ni watu wazima, wataona wenyewe."

"Na mimi ni mtu mzima. Mimi nimeshaona."

Ijumaa, tarehe 27 Mei, saa tisa alasiri, alikuja dukani kwangu. Nilikuwa na gauni la bi harusi mezani, na mwenyewe anakuja kulichukua saa kumi na moja. Dada akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mkoba mapajani kama mgeni. Akanieleza. Nusu ya maneno sikuyaelewa, nikamwambia anipe kwa lugha ya kushona.

"Nimeshona mkono wa kushoto nikaupachika upande wa kulia," akasema. "Na gauni lenyewe watu wameshalivaa."

Mimi, akili yangu yote iko kwenye gauni la mtu, nikamjibu bila kunyanyua kichwa: "Si ufumue?"

Nikageuka nikamkuta analia, machozi yanamtiririka usoni na yeye hajafuta hata moja. Sikuwahi kumwona akilia tangu mazishi ya baba. Nikaacha gauni nikamshika. Akasema, "Nikifumua, kila kitu kinafumuka. Ufadhili, uprofesa, yule binti na shahada yake." Tulikaa hivyo mpaka bi harusi akagonga.

Jumatatu, tarehe 30 Mei 2005, aliandika barua kwa jarida kuiondoa makala yake, na barua nyingine kwa zile maabara mbili. Aliandika kosa ni lake, akataja mstari wenyewe, na akataja kwamba aliyegundua ni mwanafunzi wake.

Yaliyofuata aliyatarajia, ila kutarajia hakupunguzi. Ufadhili ulisimama. Kamati iliweka jina lake pembeni. Kompyuta tano zilihamishiwa chumba kingine. Kuna wenzake waliokuwa wakimkimbilia kumsalimia ambao sasa waliona ngazi za upande wa pili ni fupi zaidi, na kwenye mkutano mmoja alimsikia mtu nyuma yake akimwita "yule wa kioo". Alipewa darasa la hisabati la mwaka wa kwanza, wanafunzi mia nne ukumbini, akalifundisha vizuri. Yule binti alishauriwa abadilishe msimamizi. Alikataa.

Miaka sita dada aliiandika programu yake upya, kuanzia mstari wa kwanza. Akaweka sheria chumbani kwake: hakuna hesabu itakayotoka mpaka mtu ambaye hajaona skrini aipinde kwa waya. Sitaki mfikiri alikuwa mtakatifu katika miaka hiyo. Alikuwa na hasira za karibu. Alisahau mambo ya watu. Siku kijana wake alipohitimu chekechea, alibaki kazini kungoja hesabu imalizike, akafika viti vinakunjwa. Kijana hajasahau, nami nina ruhusa yake kulisema.

Mwaka 2011 hesabu mpya zilimpa jibu ambalo hakulitafuta. Mbele hakukuwa na kitu, kweli. Lakini nyuma ya kimeng'enya kilekile kulikuwa na sehemu iliyoungana kama bawaba, inayofunguka polepole sana na kwa nafasi ndogo. Safari hii hakukimbilia kuchapisha. Aliandikia maabara moja kati ya zile mbili zilizopoteza kazi kwa sababu yake, akawaeleza waangalie wapi na watarajie kuona nini, akamalizia: "Nikiwa nimekosea tena, nitasema tena." Maabara ilichukua karibu miaka miwili.

Jibu lilikuja Jumapili ya Machi 2013, wakati wa kuandaa chakula cha mchana. Dada alikuwa akimenya vitunguu. Akasoma barua kwenye simu, mara tatu, akaiweka simu chini.

"Mlango wa nyuma umefunguka," akasema.

Shemeji akainuka sebuleni, akaenda hadi mlango wa nyuma wa nyumba, akaukuta umefungwa kwa ufunguo. Akarudi. "Mbona umefungwa?"

"Si huo," dada akasema, akaendelea kumenya vitunguu. Shemeji alifikiri machozi ni ya vitunguu, mpaka alipoona dada amemenya vya wiki nzima.

Naomba niseme wazi: dawa haijapatikana. Wapo wanaoitafuta kupitia mlango huo, wengine ni wanafunzi wake, na inaweza kuchukua miaka mingi au isipatikane. Programu yake inatumika bure na yeyote anayeitaka. Alipata uprofesa mwaka 2014, akiwa na miaka hamsini na miwili. Kwenye mhadhara wake wa siku hiyo, aliyekuwa mkuu wa idara, ambaye alikuwa ameshastaafu, alikuja akakaa nyuma kabisa. Watu walipotoka akamfuata dada, akampa mkono. "Nashukuru hukunisikiliza," alimwambia. Dada akamshika mkono kwa mikono yake miwili, wakaenda kunywa chai.

Kikohozi kilianza mwishoni mwa mwaka 2021. Aliilaumu chaki, halafu vumbi, halafu kiyoyozi, na shemeji akakifungua kiyoyozi kizima kukisafisha. Agosti 2022 madaktari waligundua mapafu yake yanajaa makovu na kukakamaa, na kwamba ugonjwa huo unaweza kucheleweshwa tu. Alifundisha hadi Juni 2023, muhula wa mwisho akiwa amekaa. Baada ya hapo kitanda chake kilihamishiwa sebuleni, karibu na dirisha, na mtungi wa oksijeni pembeni. Wanafunzi walikuja na tasnifu zao mpaka hapo, akazisoma zote, akawarudisha wengine wakaandike upya sura nzima.

Mama alihamia kwake kumuuguza, miaka themanini na miwili hiyo. Siku moja, baada ya kumlisha uji, alimuuliza lililokuwa likimsumbua.

"Mwanangu, umesoma miaka yote hiyo, mambo ya ndani ya mwili. Huwezi hata kujitafutia dawa?"

Dada alisubiri pumzi itulie.

"Mama, mimi nilisoma kitu kidogo sana. Nilikisoma vizuri, ila ni kidogo."

Mama akafikiri. "Basi wangekupa kikubwa," akasema kwa hasira kabisa, na dada akacheka mpaka tukalazimika kumfungulia mtungi zaidi.

Alifariki nyumbani, Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Shemeji alikuwa amemshika mkono. Binti mkubwa alikuwa akimchana nywele, akakuta fundo. "Polepole hapo," dada akasema, na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alikuwa na miaka sitini na miwili.

Kabla sijamaliza, lipo moja. Mwezi Januari aliniuliza nani atakayeandika wasifu wake. Nikasema mimi. Akasema, "Ulete niusome, nakujua kwa chumvi." Nikauandika kwa wiki mbili, nikampelekea. Alikaa na kalamu nyekundu kama anasahihisha mtihani. Nilipoandika "bingwa wa dunia", alifuta, akaandika pembeni: wa nini? Nilipoandika "hakuwahi kumkosea mtu", aliandika: muulize mume wangu. Tarehe ya barua kwa jarida nilikuwa nimekosea kwa siku moja, akairekebisha.

Ukurasa wa mwisho niliandika: ameacha mume, watoto wawili na binti mmoja wa kambo. Nilidhani nimekuwa mwangalifu. Hapo hakuandika kitu pembeni. Alipitisha kalamu juu ya sentensi nzima, akanirudishia karatasi, akanitazama.

"Hesabu upya," akasema.

Dada yetu ameacha mama, mume, watoto watatu, mjukuu mmoja wa miezi minane, wadogo watatu, wakwe, mashemeji na wifi zake, pamoja na wanafunzi ambao idadi yao hatuijui.

Dada, tumekufikisha hadi hapa tunapoweza kufika. Mwenyezi Mungu akupokee, na ulale kwa amani.